Moyo Usiouma

Dar es Salaam, 4 Machi 1974

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo huko nyumbani. Mimi ni mzima, naendelea na kazi ya kufua mashuka hospitalini. Ule mlango wa moyo wako ambao daktari wa Kigoma alisema haufungi vizuri, cheti chake nimemwonyesha mtaalamu wa hapa. Anashauri ukapasuliwe ng'ambo mwezi wa saba, pamoja na wagonjwa watakaopelekwa na serikali, moyo ukiwa bado una nguvu. Ukingoja mpaka uumwe, huenda tukachelewa. Sikufichi, wengine hufia kwenye meza ya upasuaji. Unasemaje?

Mwanao, Ignas

Kalinzi, 27 Machi 1974

Mwanangu Ignas,

Marahaba. Hatujambo, maharage yamechanua. Naandika mwenyewe, kisomo cha watu wazima si bure. Sasa wewe, mtu haumwi unataka apasuliwe kifua? Kila Jumatatu nateremka ziwani na jirani zetu Melania na Regina, nanunua dagaa, napanda na kikapu mlima mzima siku hiyo hiyo. Tena mwaka huu tunahamishiwa kijiji cha ujamaa. Nikiwa ng'ambo, nyumba yangu atajenga nani? Siku nikishindwa mlima nitakwambia.

Mama yako

Dar es Salaam, 15 Aprili 1974

Mama,

Shikamoo. Afya yangu njema. Mtaalamu anauliza kama unapanda mlima kama mwaka jana. Anasema mwenye moyo huo hupunguza mwendo asijijue. Waulize unaotembea nao. Orodha ya majina inafungwa mwisho wa Mei.

Mwanao, Ignas

Kalinzi, 8 Mei 1974

Mwanangu,

Marahaba. Nyumbani wazima, ila mimi nina hasira. Nilimwuliza Melania, akacheka, kisha akakiri yote. Kumbe tangu Krismasi wananisubiri. Mmoja husingizia mwiba, mwingine ananyonyesha mtoto aliyeshiba. Nikiinama kunywa maji mtoni, wanahamishia dagaa wangu kwenye vikapu vyao. Nikasema mbona hamkuniambia? Melania akajibu, "Mwenzako wa njia humwambii kuwa anachelewa. Unapunguza mwendo, basi."

Juzi nikaenda peke yangu. Nilikaa chini mara saba. Hakuna palipouma, nilichoka tu, na giza likanikuta njiani. Nililia, Ignas. Niandikishe. Nyumba, Melania na Regina wamesema watanijengea. Kisu nakiogopa sana, lakini sitaki kubebwa tena bila kujua.

Mama yako

Dar es Salaam, 23 Mei 1974

Mama yangu,

Shikamoo. Barua imefika na jina nimeliandikisha. Tikiti ya treni utaipata kwa Bonifasi, karani wa stesheni ya Kigoma.

Ulipokuwa unakataa nilikuwa jasiri, nikikuona mkaidi. Sasa umekubali, nami silali. Wewe bado unalima, unapika, unacheka. Ukifia huko, nitakuwa nimekutoa shambani kwako mzima nikakupeleka kufa. Nimerudi kwa mtaalamu kumwuliza kama tungoje mwaka mmoja tu. Akaniuliza ninaogopa kwa ajili ya nani. Nikatoka moja kwa moja kukukatia tikiti.

Njoo, mama. Siku utakayofika nitakuwa stesheni ya hapa tangu asubuhi.

Mwanao, Ignas