Kwa Kawaida na Kila Mara

Nyumbani, chumba cha nyuma ya karakana
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko uliko? Kile kifua kimepona? Sisi wazima, ila mgongo unamsumbua Mama akiinuka, naye hataki kuulizwa habari zake.

Tumeshinda rufaa, Kaka. Karakana haifungwi.

Unaikumbuka ile kampuni iliyopewa hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya pete za mpira za kuzibia boila, eti zisizopasuka kwa joto? Mchanganyiko ni wa Mama mtupu, ule ule uliouandika wewe ukiwa darasa la tano, kwenye karatasi tulizokuwa tukiwagawia mafundi. Walitaka tuache kuzitengeneza, na tulipoonyesha karatasi hiyo ya zamani wakasema inataja mchanganyiko tu, haisemi popote kwamba haupasuki.

Kwenye kesi ya kwanza Mama aliulizwa kama kweli pete zake hazipasuki. Kwa adabu zake akajibu, "Kwa kawaida hazipasuki." Neno hilo lilituponza. Wakili wetu alitueleza kwamba sifa iliyomo ndani ya kitu chenyewe hujitokeza kila mara, uitaje usiitaje. Ikijitokeza kwa kawaida tu, uvumbuzi unabaki kuwa wao, nasi tumekwisha.

Mama hakulia. Alijifunga aproni, akaupika mchanganyiko mara arobaini mbele ya wapimaji, akifuata karatasi yako neno kwa neno, hata pale ulipoandika "mpila". Katika pete zote arobaini haikupasuka hata moja. Siku ya rufaa, wakili wao akasema ni bahati. Basi Mama akaomba ruhusa, akamgeukia mkemia wa kampuni.

"Mwanangu, na wewe umeupika huu. Umewahi kupata hata pete moja iliyopasuka?"

Mkemia akavua miwani, akasema hapana. Nilimheshimu yule kijana. Lakini Mama, Kaka, ni moto wa kuotea mbali. Nilitamani ungekuwepo umwone.

Tangu hapo hasemi tena "kwa kawaida" ovyo ovyo. Ukimuuliza kama chai ina sukari, anaionja kwanza.

Kuna jambo limenikaa rohoni. Mwenyekiti wa baraza lililosikiliza rufaa, alipokuwa akirudisha karatasi yako, alimuuliza Mama kama mwanawe aliyeiandika bado anamwandikia. Mama alifikiri kidogo.

"Kwa kawaida," akasema.

Barua yako ya mwisho ni ya mwaka juzi.

Shangazi anakusalimu, na Mjomba Nyundo pia. Mungu akulinde, akupe afya, na kalamu.

Wako akupendaye kila mara,
Kitindamimba