Damu Mbili, Mtungi Mmoja

Jumatatu, 11 Aprili 1983

Slaidi za malaria tangu asubuhi. Sabuni hakuna, tunanawa kwa majivu. Mvua haikatiki.

Saa nne wameletwa mtu na mkewe kutoka Mwisenge. Magesa, hajitambui. Nyabise, mjamzito wa miezi saba, anatapika na kushika kichwa. Mume alikuwa anatetemeka kwa homa tangu juzi, mke akaingiza jiko la mkaa ndani, akafunga dirisha. Majirani wamevunja mlango. Kila mtu anasema ni moshi wa mkaa.

Mtungi wa oksijeni umebaki mmoja. Daktari kampa Magesa. Kisha akaniita pembeni: "Huyu mama ananitia wasiwasi. Nipimie damu ya wote wawili kwa kostiki. Haraka."

Chupa ya kostiki, magadi makali ya kupikia sabuni, tupu. Nikakimbia kwa Mama Nyafuru, anayepika sabuni kwa siri. Siku hizi za msako wa walanguzi, alipoliona koti langu jeupe alidhani nimekuja kumkamata. "Mwanangu, mimi sina kitu." Nikamwambia kuna watu wanakufa. Akanitazama. Akaenda kufukua kopo uani.

Nilijitoboa kidole kwanza, nipate damu ya kulinganishia. Kostiki ilipoingia, yangu ikageuka kahawia. Ya Magesa, kahawia. Ya Nyabise ikabaki nyekundu, inang'aa, kama haijaguswa: damu iliyoshikwa na moshi haigeuki. Ndiye aliyekaa usiku kucha karibu na jiko. Mumewe alilala mlangoni, penye upenyo. Slaidi ya Magesa imejaa vijidudu vya malaria.

Daktari akahamisha oksijeni. Masatu, mdogo wake Magesa, akamdaka mkono. "Kaka hata macho hafumbui, mnampa anayeongea?"

"Kaka yako malaria imempanda kichwani. Dawa yake ni hii dripu ya kwinini. Moshi umemkamata shemeji yako, na mtoto tumboni."

Masatu alinikazia macho mimi, siyo daktari. Naogopa.

Jumanne, 12 Aprili

Sijalala. Kipimo kile ni cha macho tu. Moshi ukiwa kidogo hakiuoni. Kama nimekosea?

Nimekirudia kwa damu ya Magesa. Kahawia.

Mtungi umekwisha adhuhuri. Nyabise ameketi, anamuulizia mumewe. Mkunga kausikia moyo wa mtoto. Magesa vilevile.

Jumatano, 13 Aprili

Magesa amefariki alfajiri.

Masatu alinisubiri mlangoni. "Wewe na maji yako ya sabuni." Nimejifungia maabara, nimelia. Namchukia. Najichukia zaidi.

Alhamisi, 14 Aprili

Nyabise amekuja maabara kwa miguu yake, akishika ukuta. Masatu nyuma yake na kifurushi cha nguo. Ukweni wanasema jiko lake ndilo limeua. Nimelisikia hilo wodini tangu jana.

Nyabise hakunitazama. "Dada, ni mimi nimemuua?"

"Hapana. Moshi ulikukamata wewe. Damu ya mumeo ilikuwa kama hii yangu. Alikuwaga na malaria kabla hujawasha jiko, nayo ndiyo imemchukua."

"Sema tena."

Nikasema tena, polepole, Masatu asikie.

Masatu akahamishia kifurushi bega la pili. "Shemeji, twende. Gari la Butiama linatungoja tukamzike."

Kwenye ngazi akampa mkono ashikilie.