Tonge la Mkono Wako

Bishkek, Januari

Kwa Kaka Ishenbek,

Salamu nyingi. Natumai u mzima, maana picha zako zilizobandikwa kituo cha basi zinaonyesha mashavu yamejaa. Mimi sijambo, ila nakohoa moshi wa makaa ya mawe kama mji mzima.

Nimerudi kiwandani, tunashona zile nguo nyeupe za wauguzi. Juzi bosi aliwasha televisheni tukakusikia ukisema hospitali za mkoa wetu zina vifaa tele, na kwamba maradhi haya yanayoua watu ni mafua tu ya baridi, wapinzani wanayakuza. Wenzangu walicheka mpaka mashine zikasimama. Kenje, jirani yangu wa meza, aliuliza huyo mheshimiwa vifaa anavitoa wapi, mbona sisi tunashona kwa kitambaa cha mapazia. Sikuthubutu kusema ni kaka yangu. Niliona aibu.

Sasa tuje kwa Mama. Ulipochinja farasi kwa kampeni yako na kujaza watu hemani, ilhali serikali yenu wenyewe imekataza mikusanyiko, nilimpigia simu asiende. Nilimwambia Ishen anakohoa, nimemsikia redioni. Akanicheka, eti nimekuwa mwoga wa mjini, mkono wa mwanawe hauna sumu. Nawe ukamtia tonge la nyama kinywani kwa vidole vyako, wapiga picha wakitazama. Nani kwetu angekataa tonge la heshima? Ukamlisha na Mzee Satar, yule jirani yetu. Wote wawili tumewazika.

Hukuja. Ulituma farasi wa kuchinjwa, pamoja na mpambe wako kutuagiza tuseme kilichomuua Mama ni moyo. Moyo! Mama aliyekuwa akipanda mlima kufuata kondoo? Huna haya, Kaka!

Basi nikwambie mimi, maana wapambe wako hawatathubutu. Wajua mwanamke akimlilia maiti kwa wimbo hemani, uso ameuelekeza ukutani, hakuna mwanamume wa kumkatiza. Waombolezaji walitegemea nimsifu Mama na uzao wake. Mama nilimsifu. Kisha nikaimba kikohozi chako, na tonge, na mkono uliomlisha, na jina lako lote na la baba yetu. Nje wanaume waliegemea fimbo zao za msiba wakalia, mpambe wako naye akiwemo. Farasi wako hatukumchinja. Tulimrudisha, tukamfunga langoni kwako.

Arobaini ya Mama ni Ijumaa, kura zenu Jumapili. Njoo usimame mlangoni mwa hema na fimbo yako, ulie kama mtoto wa mtu, useme kwa kinywa chako ulichofanya. Usipokuja nitaimba tena, na safari hii bonde zima limealikwa.

Wasalimie wanao, waambie shangazi yao anawapenda. Mama naye alikuachia salamu. Kabla hajakata roho aliniuliza kama kile kikohozi chako kimepona.

Ni mimi dada yako,
Burulkan