Samaki wa Mtu wa Muhoroni

Jumapili, baada ya kanisa. Joto la kukera. Mawingu yamekaa juu ya ziwa tangu asubuhi na mvua hainyeshi. Naogopa.

Naandika kwenye blogu hii kwa jina ambalo si langu, kama kawaida, na haya nitayaweka hewani hukumu ikishasomwa. Kwa sasa nahitaji tu mahali pa kuyasema.

Jana nilikula samaki.

Wanaonijua wanajua mimi ni mtu wa masharti. Tangu niwe jaji sinunui samaki sokoni mwenyewe, kwa sababu mama wa samaki akinitambua ataniongezea mmoja wa bure, na huyo wa bure ndiye huleta maneno baadaye. Matanga naenda, nawapa wafiwa pole, nakaa nyuma, sili. Kanisani natoka kabla watu hawajaanza kusalimiana mlangoni. Dada yangu husema naringa. Wacha aseme. Tangu nikiwa hakimu mdogo nimejilinda hivyo, halafu nije kuangushwa na ngege wa mchuzi, mezani kwangu, hapa Milimani, Kisumu!

Mama yangu anaishi nami tangu goti limkatae. Jana mchana nilirudi kutoka Maseno, kwenye sherehe ya mpwa wangu, njaa imenishika kweli. Mama alikuwa amepika. Ngege mkubwa, nyanya za kutosha, ugali wa moto. Nilikula hadi nikalamba vidole. Kichwa nacho nilikifyonza, nisidanganye. Ndipo nikauliza samaki mtamu hivi ametoka wapi.

Mama akasema ameletwa na mzee mmoja mpole sana, wa Muhoroni.

Nikaisukuma sahani kando. Mtu wa Muhoroni huleta miwa. Kule ni sukari na matrekta, ziwa wanalisikia tu. Akikuletea samaki Kisumu, ujue ameshuka kwenye gari, ameenda ufuoni, amemchagua na kumnunua kwa ajili yako. Na kesi ya Muhoroni mezani kwangu ni moja tu: kijana dereva wa trekta anayeshtakiwa kumuua mwenzake katika shamba la miwa. Ana mwaka wa nne rumande. Hukumu ni kesho saa tatu.

Nilimuuliza Mama huyo mzee alisema nini. Alikumbuka neno kwa neno.

"Alisema, 'Mama, mimi siombi kitu. Mwambie tu jaji kwamba yule kijana ana baba.'"

Nikamkumbusha sheria ya nyumba hii, kwamba hapokei chochote getini. Akasema alidhani sheria ni ya pesa. "Nyathina," akaniambia, mwanangu, "nimfukuze mgeni na samaki mkononi? Watu watasema mimi ni mama wa aina gani?" Ana miaka themanini na moja. Utamfanya nini?

Nilishuka getini nikaomba kitabu cha wageni. Mzee ameandika jina lake lote, nambari ya kitambulisho na saa aliyofika. Pale pa sababu ya kuja ameandika "samaki". Jina lake la mwisho ni lile lile la mshtakiwa. Mwenye nia mbaya haandiki hivyo, nalijua hilo. Lakini atakayekifungua kitabu kile hatamwona mzee, ataona ukurasa. Askari wa geti alipoenda kumfungulia jirani, vidole vyangu vilikuwa vimeshashika pembe ya karatasi. Nimewahi kumfunga mtu kwa kuchana karatasi ya namna hiyo. Niliiachilia nikarudi ndani mbio, kama mwizi.

Hukumu niliimaliza Alhamisi, kabla ya samaki. Namwachilia. Shahidi wa pekee wa mashtaka anasema alimtambua kwa mwanga wa simu, kwenye giza, katikati ya miwa inayomzidi mtu kimo. Akiulizwa kuhusu nguo, mara shati jekundu, mara koti. Siwezi kumfunga mtu kwa hayo. Lakini nikimwachilia kesho, na siku moja kitabu kifunguliwe, nani atasadiki kwamba niliandika Alhamisi? Nitaitwa jaji wa samaki hadi kaburini. Joho watanivua, na kijana atarudishwa mahakamani kwa sababu ya tumbo langu.

Na nikijitoa, faili itaenda kwa jaji mwingine. Shahidi wa utetezi, bibi kizee aliyeapa kwamba kijana alilala kwake usiku ule, ameshafariki. Jaji mwingine atayasoma maneno yake tu. Mimi nilimwona akiyasema.

Sasa nakuja pale panaponiuma.

Leo nimetoka kanisani sikumbuki hata mahubiri. Nikaifungua tena ile hukumu, nikaanza kuiona mbovu. Aya ya arobaini ikawa dhaifu. Nikajiambia labda mwanga wa simu unatosha, na nguo, nani hukumbuka nguo? Nilikuwa nimeshachukua kalamu. Ndipo nikajishtukia. Nikimfunga, hakuna atakayeuliza habari ya samaki. Nitakuwa salama kabisa.

Nilikuwa namtafutia hatia.

Kazi hii imenitisha mara nyingi. Nimepigiwa simu na watu wasiotaja jina, nimefuatwa na gari hadi getini. Sijawahi kuogopa kama nilivyoiogopa ile kalamu mkononi mwangu.

Mama ameingia sasa hivi na chai. Amesimama akiliegemea goti zima. Ameniuliza kitu kimoja tu: "Na yule kijana, alifanya?" Nikamwambia siwezi kumjibu. Akasema basi kesho atakuja mahakamani aseme ni yeye aliyepika. Nimecheka, mara ya kwanza tangu jana, kisha nikalia kidogo.

Kitabu cha getini kitakuja nami kesho. Kabla sijafungua hukumu nitayasema yote, mbele ya upande wa mashtaka na wakili wa kijana. Wakinitaka nijitoe, nitajitoa, na mzee yule, atakayekuwa ameketi benchi la nyuma, atajua ni samaki wake aliyemrudisha mwanawe rumande. Hilo linanitisha kuliko joho. Wakiniruhusu niendelee, nitasoma ya Alhamisi, bila kugusa hata nukta.

Sentensi ya kwanza nimeshaiandika kwa mkono, juu ya ukurasa wa kwanza: "Jumamosi, nyumbani kwangu, nilikula samaki aliyeletwa na baba wa mshtakiwa."

Mwandiko si mzuri, lakini unasomeka.