Kipimo cha Kabula

Jumatano

Gari limepona. Amelitibu mwanangu Kabula kwa kipimo cha hitilafu za magari, cha bei nafuu, alichonunua mwenyewe Mwanza. Fundi gani mwingine hapa Runzewe anacho?

Mzee Masanja, aliyemfundisha kazi, aliweka bisibisi sikioni, akasikiliza injini ya dizeli, akatangaza pampu imekufa, niliuze gari kama chuma chakavu. Leo Kabula kachomeka kipimo kwenye gari, kikatoa namba ya hitilafu, akaitafuta kitabuni. Kumbe ni waya mmoja tu umekatika.

Nikamfuata Masanja mbele ya wateja wake. "Mzee, bisibisi lako linasemaje leo?"

Watu wakacheka. Akajibu polepole, "Mama Kabula, huyo mtoto nimemfundisha mimi."

"Ndiyo maana ikabidi anunue kipimo."

Akakusanya spana zake, akaondoka. Moja ilimponyoka, hakurudi kuiokota. Nilifurahi, na bado nafurahi.

Ila Kabula hajagusa ugali wangu. Kachukua ufunguo, anasema gari halitoki mpaka nimwombe mzee radhi mbele ya walewale waliocheka. Mimi, nimwinamie yule…

Na ndugu zetu wote wa Nkome nimeshawaalika waje kulipanda gari hilo. Wanakuja Jumamosi.