Besi wa Bwawa la Sir

Jumapili, 2 Februari
Getini tena. Lori baada ya lori, vumbi la Jebel Ali limeingia mpaka kwenye chai. Supavaiza kasema geti linawekewa mashine, mwisho wa mwezi walinzi tunapunguzwa. Nimecheka mbele ya watu. Moyoni sikucheka.
Mchana sir, mwenye ghala, kapita na fimbo zake za kuvulia garini. Nikamwambia anayemwona ni bingwa wa uvuvi wa Mtera, bwawa la kwetu nyumbani. Kwamba kambale wangu mmoja alivuta mtumbwi mpaka wilaya ya jirani. Akacheka sana. Ana bwawa kubwa shambani kwake, njia ya milimani, kafuga besi, samaki wa kizungu, anataka mtunzaji. Jumamosi nikaoneshe kazi. Nikiiweza, nabaki Dubai. Nikishindwa, tiketi ya kurudi nyumbani.

Jumatatu, 3 Februari
Sir kanipa chambo nikizoee. Waya uliokunjwa, huku kibati cha kuzunguka, huku ndoano imevalishwa sketi ya mpira. Anakiita spinabeiti. Nikasema nakijua tangu utoto. Uongo. Mtera tulivua kwa nyavu.
Usingizi sina.

Jumatano, 5 Februari
Mazoezi nyuma ya kambi tunakolala. Ndoano nimeifunga tepu. Ukivuta polepole mno, kibati hakizunguki. Ukivuta mbio, chambo kizima kinaruka juu. Mara ya kwanza, kabla ya tepu, nimenasa suruali ya mtu kwenye kamba ya nguo. Wasswa, Mganda tunayekaa naye chumba kimoja, kaleta kiti kabisa anitazame.
“Ssebo, bwana mkubwa, mchanga umetoa samaki wangapi leo?”
Nikamwambia anyamaze ajifunze kwa wakubwa.
Naogopa samaki. Mimi, ambaye hata mamba nimewahi kumzaba kofi.

Ijumaa, 7 Februari
Nimeombea samaki msikitini. Nikaona aibu kidogo.

Jumamosi, 8 Februari
Niandike kabla sijabadilisha maneno.
Njia nzima sir aliongea Kiingereza, mbio mbio. Mimi yes sir, yes sir. Tukafika bwawani, upepo wa jana umechafua maji, rangi ya chai ya maziwa. Sir kafurahi. Kwenye maji machafu besi anafuata mtikisiko wa kibati, hilo nilielewa. Wageni wake wawili wakakaa kwenye viti kunitazama.
Nilirusha asubuhi yote. Hakuna. Jasho mpaka kwenye soksi. Nikaanza kufikiria nyumbani nitasema nini.
Kisha nikapitisha chambo kando ya magogo yaliyozama. Uzi ukawa mzito. Wallahi hapa sizidishi, mdomo wa besi yule ungemeza ngumi yangu. Nikamtoa. Wageni wakapiga makofi, sir akanikumbatia.
Nikafanya anachofanya mvuvi yeyote kwetu. Nikaokota jiwe, nikampiga kichwani. Nikampasua palepale, jua lisimharibu. Tumboni mayai tele.
Makofi yakakatika. Nikainua macho, sir kashika mizani mkono huu, kamera mkono huu. Hapo ndipo nikaelewa hotuba ya njiani. Samaki wa pale anapimwa, anapigwa picha, anarudishwa majini. Na huyu ndiye mama wa bwawa. Sir kamlea miaka.
Hakunifokea. Angenifokea ningepona. Alisema, “Khalas, yameisha, mchukue,” akaenda kukaa garini.

Jumapili, 9 Februari
Supavaiza kapiga simu asubuhi. Bwawa atapewa mtu mwingine. Mwisho wa mwezi narudi nyumbani.
Samaki nimempika, nyanya na pilipili, ugali mkubwa. Chumba kizima tumekula. Wasswa akauliza jana nilivua wangapi. Nikasema sikupata hata dagaa. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nikawaacha.
“Bingwa wa Mtera,” Wasswa akasema, analamba vidole. “Na huyu mtamu umemtoa wapi?”
Nimemwambia Deira, soko la samaki.