Ugali Chini ya Mianzi

Baba yangu uliyelala Masumbwe,

Shikamoo. Mwanao nina bahati ya mtende! Mafundi wote wa Kanda ya Ziwa waliachwa, nikaitwa mimi kwenda Pangani kujenga hoteli ya watalii kwa mianzi, na hadi leo mimi ndiye fundi mkuu. Wazungu wananiita injinia. Mimi, niliyeishia darasa la sita!

Najua ungecheka. "Mianzi? Ng'wanawane, mwanangu, unajenga nyumba au tenga la kuku?" Nami niliishuku hivyo hivyo. Kitu kitupu ndani kibebe mtu? Unakumbuka ulivyonifundisha kuweka matimba, yale magogo ya kuzuia udongo usituangukie shimoni? Ulikuwa unaligonga kila gogo kwa shoka, kisha unatega sikio kama daktari. Tukimaliza, kabla wachimbaji hawajashuka, mimi na wewe tunakaa chini ya kazi yetu, tunakula ugali. Siku moja nilikula macho yakiwa juu, kwenye gogo moja. Ukasema, "Kama wewe unaogopa, usimwite mtoto wa mwenzio." Tukaacha ugali, tukaling'oa lile gogo.

Lakini mianzi, Baba, nilikuja kuiheshimu. Ile ya kwanza ilikatwa imekomaa, ikalowekwa dawa, ikakaushwa kivulini. Niliruka juu yake na kitambi changu chote, ikanesa tu. Tulipofika kwenye nyumba ya ghorofa ndipo bosi akaleta mibichi, mbio mbio, maana wageni wa sikukuu walikuwa njiani. Eti dawa ilishatiwa huko ilikotoka. Wapi? "Huko huko." Nikaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Kila asubuhi nakuta unga mwororo sakafuni, chini ya nguzo. Nafagia, kesho yake upo tena. Bungua walikuwa wanaitafuna nyumba kabla mgeni hajaingia.

Nikamwambia, "Bosi, kwetu fundi na mwenye kazi hula chini ya kazi yao. Leo tulie wali hapa, vijana wacheze ngoma kule juu."

Akacheka. "Msukuma wewe na ushirikina wako!"

"Si ushirikina, bosi. Ni chakula."

Akachukua sahani yake, akaenda kulia garini.

Hapo nikajua kwamba anajua. Nikachukua msumeno, nikaikata ngazi ya kwenda juu vipande vipande, asije akalala mtoto wa mtu mle.

Tangu siku ile siamini kitu. Hata kitanda nakigonga kwanza ndipo nilale, na kikinyamaza namshuku zaidi aliyekiuza. Natamani ungekuwepo ugonge nawe, uniambie kama nilisikia sawasawa.

Pumzika, mzee wangu. Udongo uliopigana nao maisha yako yote usikulemee.

Na ile habari ya ufundi mkuu, Baba, nimekudanganya. Nilifukuzwa siku ile ile niliyokata ngazi. Niko Ngokolo, kwa dada, na kazi sina.

Mwanao, uliyekula naye shimoni.